Lord Delamere: Mwenye kinu cha unga aliyegeuka sauti ya walowezi

MSAFIRI anayetoka Nairobi kwenda Nakuru hukutana na majina mawili ambayo aghalabu hayafikirii sana. La kwanza ni Delamere, lililoandikwa kwenye vituo vya kando ya barabara karibu na Naivasha, ambako matatu na mabasi husimama ili abiria wanunue maziwa ya mtindi. La pili ni Unga, jina la kampuni ambayo pakiti zake za sima na chapati zimo katika kila duka njiani. Ni wachache wanaojua kwamba majina hayo mawili yalizaliwa na mtu mmoja.

Mtu huyo ni Hugh Cholmondeley, aliyejulikana kama Lord Delamere, kabaila wa Kiingereza aliyehamia Njoro mwanzoni mwa karne iliyopita. Alifuga akafilisika, akalima ngano ikaoza kwa kutu, kisha akajenga kinu cha kusaga nafaka. Kutoka hapo akawa mwanasiasa mwenye nguvu kuliko mlowezi yeyote wa zama zake.

Kumbukumbu yake imegawanyika hadi leo. Kuna wanaomtaja kuwa mwasisi wa kilimo cha kisasa nchini. Wengine humwona kuwa kielelezo cha unyang'anyi wa ardhi katika Bonde la Ufa. Makala haya yanaeleza jinsi pande zote mbili zinavyotokana na maisha yale yale.

Kutoka Cheshire hadi Njoro

Delamere alizaliwa mnamo Aprili 28, 1870 katika jimbo la Cheshire, Uingereza. Baba yake alifariki mwaka 1887, na kijana huyo wa miaka 17 akarithi cheo na mashamba ya familia.

Hakuvutiwa na maisha ya nyumbani. Tangu mwaka 1891 alikuwa akisafiri Somalia kuwinda simba. Mnamo 1894 simba mmoja alimrukia na kumjeruhi vibaya mguu, na lau si mtumishi wake Msomali, Abdullah Ashur, aliyemvamia mnyama huyo, Delamere angefia huko. Alichechemea maisha yake yote.

Mwishoni mwa mwaka 1896 aliondoka tena Somalia, safari hii akielekea kusini kwa ngamia kupitia jangwa. Mwaka uliofuata alitokeza kwenye nyanda za juu za Kenya. Baada ya miezi mingi ya vumbi na kiu, alikuta nyasi za kijani, mito ya maji baridi na hewa iliyomkumbusha kwao. Kuanzia siku hiyo akili yake haikutoka tena katika nchi hii.

Alimwoa Lady Florence Cole, binti wa ukoo wa makabaila wa Ireland, mwaka 1899. Mapema mwaka 1903 walikuwa wamerejea kuja kuishi. Reli ya Uganda ilikuwa imekwisha kufika Kisumu mnamo Desemba 1901, na serikali ya kikoloni ilikuwa na kitendawili cha kutegua: treni zilipita katika nchi isiyokuwa na mzigo wa kutosha wa kulipia gharama za reli. Kamishna Sir Charles Eliot aliamua kwamba jawabu ni kuleta wakulima wazungu. Delamere, mwenye cheo na mtaji, alikuwa mteja aliyesubiriwa.

Baada ya maombi yake ya awali kukataliwa, alikodishwa ekari 100,000 katika eneo la Njoro kwa muda wa miaka 99. Kodi ilikuwa pauni 200 kwa mwaka, na alitakiwa kutumia pauni 5,000 kuliendeleza shamba katika miaka mitano ya kwanza. Kwa hesabu ya fedha za wakati huo, kodi hiyo haikufika nusu peni kwa ekari moja. Shamba hilo aliliita Equator Ranch. Baadaye alipata ardhi nyingine kubwa kando ya Ziwa Elmenteita, mahali paitwapo Soysambu.

Nchi haikuwa tupu

Katika barua na ripoti za maafisa wa zama hizo, Bonde la Ufa huelezwa kama nchi isiyokaliwa. Ukweli ni kwamba lilikuwa malisho ya Wamaasai, na misitu ya Mau iliyolizunguka ilikuwa makazi ya Waogiek. Wamaasai walikuwa wametoka kupigwa na mapigo mfululizo katika miaka ya 1890: sotoka iliyofyeka ng'ombe, ndui na njaa. Mzungu aliyepita wakati huo aliona nyasi nyingi na watu wachache, akadhani ndivyo ilivyokuwa siku zote.

Mnamo Agosti 1904, serikali ilitia saini mkataba na viongozi wa Wamaasai, akiwemo laibon Olonana. Wamaasai waliondolewa kwenye malisho ya Naivasha, Nakuru na ukanda wa reli, wakapelekwa katika hifadhi mbili: moja Laikipia, nyingine kusini mwa reli. Waliahidiwa kwamba makao hayo mapya yangekuwa yao kwa muda wote ambao kabila lao lingekuwapo.

Ahadi hiyo iliishi miaka saba tu. Kwa mkataba wa mwaka 1911, Wamaasai wa Laikipia nao waliamriwa kuhamia kusini ili kuwapisha walowezi. Walipokwenda mahakamani mwaka 1913, katika kesi inayojulikana kwa jina la Ole Njogo, walishindwa. Mahakama ilisema kwamba mkataba ulikuwa ni makubaliano baina ya dola mbili, na kwa hiyo haikuwa na uwezo wa kuusikiliza. Kwa maneno mengine, Wamaasai walihesabiwa kuwa taifa lenye mamlaka siku hiyo tu, na kwa ajili ya kunyimwa haki.

Delamere mwenyewe alijivunia urafiki wake na Wamaasai. Aliwaajiri kuwa wachungaji, akakaa nao usiku akizungumza habari za ng'ombe. Hata hivyo, urafiki huo haukumzuia kushika malisho yao, wala haukumfanya ayasemee madai yao alipopata kiti cha kusemea.

Hasara, kutu na kinu

Njoro ilimfundisha kwa ukali. Alileta kondoo kutoka New Zealand na mafahali wa kizungu, lakini sehemu kubwa ya wanyama hao ilikufa. Ng'ombe waliandamwa na homa ya mapafu na ndigana. Wale waliookoka magonjwa walikonda huku wakila nyasi ndefu. Baadaye ilibainika kwamba udongo wa sehemu hizo una upungufu wa madini yanayohitajika na mifugo. Wamaasai, ambao hawakupenda kulisha huko kwa muda mrefu, walikuwa wamelijua jambo hilo kwa uzoefu, bila maabara. Hakuna aliyewauliza.

Ndipo akageukia ngano. Mwanzoni mimea ilistawi vizuri, kisha ikavamiwa na kutu, ugonjwa wa ukungu unaoacha unga mwekundu kwenye majani na mashina na kuifanya punje isinyae. Mkulima wa kawaida angekata tamaa. Delamere aliajiri mtaalamu, akatenga sehemu ya shamba lake iwe mahali pa majaribio, na akaanza kuchanganya mbegu kutoka Australia, Italia na Misri ili kupata aina inayostahimili kutu. Kazi hiyo ilimgharimu fedha nyingi na ikachukua miaka, lakini ilizaa mbegu zilizoweza kuvunwa.

Hata hivyo, ngano ghalani si chakula. Kenya ya wakati huo ilikula unga ulioagizwa kutoka ng'ambo, na mkulima wa Njoro hakuwa na mahali pa kusagia wala mnunuzi wa uhakika. Kwa sababu hiyo, mwaka 1908 Delamere aliongoza kuanzishwa kwa kampuni ya kinu mjini Nairobi. Kampuni hiyo iliitwa Unga Limited, neno la Kiswahili likiunganishwa na la Kiingereza.

Inafaa kuelewa maana ya kinu katika uchumi wa aina hii. Mwenye kulima huomba mvua. Mwenye kusaga hupanga bei. Kinu ndicho kinachoamua nani atauza, atauza lini na kwa kiasi gani. Ndicho pia kinachogeuza zao la shamba moja kuwa biashara ya nchi nzima. Delamere alikuwa amepoteza karibu kila alichokuwa nacho kufikia mwaka 1909, na mashamba ya Uingereza yalikuwa yamebebeshwa mikopo kwa ajili ya Njoro. Kinu kilikuwa dau lake kubwa. Ili dau hilo lilipe, alihitaji mambo matatu: soko lililolindwa, reli ya bei nafuu na vibarua wengi wa ujira mdogo. Yote matatu yalikuwa mikononi mwa serikali. Hapo ndipo kilimo kilipokutana na siasa.

Kiti katika Baraza

Tangu mwanzo Delamere aliongoza chama cha walowezi. Baraza la Kutunga Sheria lilipokutana kwa mara ya kwanza mnamo Agosti 1907, alikuwa miongoni mwa wajumbe walioteuliwa kutoka nje ya serikali. Hakukuwa na Mwafrika hata mmoja. Kiti cha kwanza cha Mwafrika kilipatikana mwaka 1944, alipoteuliwa Eliud Mathu, miaka 37 baadaye.

Delamere hakuwa mjumbe mpole. Mwaka 1908, serikali ilipotoa kanuni mpya zilizopunguza desturi ya machifu kuwashurutisha watu kwenda kufanya kazi mashambani, aliongoza kundi la walowezi hadi kwenye makao ya Gavana Sir James Hayes Sadler. Walimpigia kelele wakimtaka ajiuzulu. Delamere alisimamishwa ujumbe wa Baraza, kisha akarudi baada ya muda kana kwamba hapakutokea kitu. Ni vyema msomaji apime tukio hilo na lile la Machi 1922, ambapo umati wa Waafrika uliokusanyika Nairobi kudai kuachiliwa kwa Harry Thuku ulimiminiwa risasi.

Kuhusu vibarua, msimamo wake aliueleza waziwazi mbele ya tume iliyochunguza suala la wafanyakazi mwaka 1912 na 1913. Hoja yake ilikuwa kwamba ikiwa kila Mwafrika atabaki na ardhi ya kumtosha, hatakuwa na sababu ya kwenda kumfanyia kazi mzungu. Kwa hiyo aliona hifadhi za wenyeji zisiachwe kuwa kubwa mno. Wengi wa walowezi waliamini hivyo; yeye aliyasema bila kuyafunika.

Sheria zilizofuata zilifuata njia hiyo. Sheria ya ardhi ya mwaka 1915 iliwapa walowezi hati za miaka 999. Kipande kilianza kutekelezwa baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, na kodi ya kibanda ikaendelea kupandishwa. Familia kutoka Kiambu, Murang'a na Nyeri zilihamia Njoro, Molo na Elburgon zikawa maskwota: walilima kipande kidogo na kufuga mbuzi wachache, na kwa malipo ya kibali hicho wakatoa nguvu zao kwa siku nyingi za mwaka.

Siasa ya bei ya unga

Uchaguzi wa kwanza wa Baraza ulifanyika mwaka 1920, wapigakura wakiwa wazungu, na Delamere akachaguliwa kuwakilisha Bonde la Ufa. Alikishikilia kiti hicho hadi kifo chake.

Katika miaka hiyo ya 1920 ndipo walowezi walipopata walichokitaka. Ushuru mkubwa uliwekwa kwenye unga wa ngano na bidhaa za maziwa kutoka nje, na mahindi ya kuuzwa ng'ambo yakasafirishwa kwa nauli nafuu ya reli. Mjini Nakuru, Chama cha Wakulima wa Kenya, KFA, kikawa ngome ya biashara ya nafaka. Mwaka 1925 walowezi walianzisha KCC mjini Naivasha kwa ajili ya maziwa.

Swali ni nani aliyelipa. Kwa kuwa Kenya, Uganda na Tanganyika zilikuwa zikiunganishwa katika eneo moja la ushuru, mnunuzi wa mkate wa Kampala au Dar es Salaam alilazimika kununua unga wa Kenya kwa bei iliyopandishwa ili kumlinda mkulima wa Njoro. Tanganyika ililalamika. Mkulima Mwafrika naye alilipa kodi iliyosaidia kuendesha reli, lakini mazao yake hayakupewa ulinzi wa aina hiyo. Ngano ya nyanda za juu, basi, haikusimama kwa miguu yake yenyewe; ilishikiliwa na sheria zilizotungwa na watu waliokuwa wakiilima na kuisaga.

Waraka wa 1923

Kilele cha siasa yake kilikuwa mwaka 1923. Wahindi, waliokuwa wengi kuliko wazungu na ambao kiongozi wao wa awali, Alibhai Mulla Jeevanjee, alikuwa mhamiaji na mfanyabiashara kama Delamere, walidai haki sawa ya kupiga kura na kumiliki ardhi katika nyanda za juu. Walowezi walikasirika kiasi cha kupanga njama ya kumteka gavana. Delamere aliongoza ujumbe wao hadi London.

Matokeo hayakuwa yale ambayo upande wowote uliyatarajia. Waraka wa Devonshire, uliotolewa Julai mwaka huo, ulitamka kwamba Kenya ni nchi ya Waafrika na kwamba masilahi yao yatangulie pale yanapogongana na ya wageni. Nyanda za juu zilibaki za wazungu, lakini mlango wa walowezi kujitawala ulikuwa umefungwa. Tamko hilo halikutekelezwa kwa vitendo kwa miaka mingi, lakini lilibaki kwenye karatasi, na kizazi kilichofuata kilijua jinsi ya kulitumia.

Delamere hakukubali kushindwa. Mnamo Oktoba 1925 aliwaalika viongozi wa walowezi wa Kenya, Tanganyika, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini kukutana Tukuyu, kusini mwa Tanganyika, ili kupanga muungano wa makoloni chini ya uongozi wa wazungu. Mwaka 1930 serikali ya London ilipotilia mkazo tena haki za Waafrika, alisafiri kwenda kupinga, afya yake ikiwa imezorota.

Kamati ya Bunge la Uingereza iliyokaa mwaka 1931 ilisikiliza mashahidi watatu Waafrika kutoka Kenya: Koinange wa Mbiyu, Ezekiel Apindi na James Mutua. Kamati hiyo iliukataa mpango wa muungano. Delamere alifariki mnamo Novemba 13, 1931 jijini Nairobi, akiwa na umri wa miaka 61, na akazikwa Soysambu. Aliacha deni la benki la karibu pauni nusu milioni. Yule aliyepigania utajiri wa walowezi hakuwahi kuuonja sawasawa.

Kilichobaki

Nairobi ilimjengea sanamu na kuipa barabara kuu jina lake. Uhuru ulipofika, barabara hiyo ikawa Kenyatta Avenue, na sanamu ikahamishiwa Soysambu.

Kinu kilidumu zaidi ya sanamu. Kampuni ya Unga ingali inasaga na hisa zake zimeorodheshwa katika Soko la Hisa la Nairobi. Kituo cha utafiti wa mbegu ambacho serikali ilikianzisha Njoro mwaka 1927 kinaendelea na kazi chini ya shirika la KALRO. Kutu mpya ya ngano iitwayo Ug99 ilipogunduliwa Uganda mwishoni mwa miaka ya 1990, ni Njoro ambako mbegu kutoka nchi nyingi zilipelekwa kujaribiwa. Hata hivyo Kenya huagiza kutoka nje sehemu kubwa ya ngano inayoila, kama ilivyokuwa kabla ya mwaka 1908.

Suala la ardhi nalo halijazikwa. Agosti 2004, miaka 100 baada ya mkataba wa Olonana, Wamaasai waliandamana wakidai malisho yao ya Laikipia. Serikali iliwajibu kwamba hati za mashamba hayo hazijamaliza muda. Miaka ya 2005 na 2006 watu wawili walipigwa risasi na kufa Soysambu katika matukio tofauti, na mwaka 2009 Mahakama Kuu ikamtia hatiani kitukuu wa Delamere kwa kuua bila kukusudia katika tukio la pili. Njoro na Molo, ambako wajukuu wa maskwota walikuwa wamenunua au kugawiwa mashamba, ziliwaka moto katika ghasia za 1992, 1997 na 2008. Waliochinjana humo walikuwa Wakenya maskini kwa maskini, wakigombania ardhi ambayo mpangilio wake ulichorwa na watu waliokwisha kufa.

Waswahili husema, mnyonge mnyongeni lakini haki yake mpeni. Delamere hakuwa mnyonge, lakini haki yake apewe: alithubutu kujaribu, alivumilia hasara, na mbegu zake zilikuwa na faida iliyompita yeye. Ila methali hiyo inawahusu zaidi wale ambao majina yao hayakuandikwa kwenye pakiti wala kwenye vibao vya barabarani: mchungaji wa Kimaasai aliyejua kwamba Njoro haina chumvi ya ng'ombe, na skwota aliyevuna ngano asiyoweza kuinunua. Haki yao ndiyo ambayo tume baada ya tume, tangu ukoloni hadi sasa, zimekuwa zikiiandika kwenye ripoti na kuiacha kabatini.